Lidokaini ya Mgongoni Ifutwe

Mliofungua orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 mmeuona ule mstari: lidokaini asilimia 5, ampuli ya mililita 2, ya kuchoma mgongoni, ichanganywe na glukosi asilimia 7.5. Imewekwa pamoja na bupivakaini asilimia 0.5 kana kwamba ni wenza. Si wenza, na kuiacha pale ni kosa.

Tuanze na saa. Ganzi ya mgongoni (spaino) ya lidokaini nzito, yaani yenye glukosi, hukupa saa moja hivi. Bupivakaini nzito, miligramu 10 hadi 12.5, huvuka saa moja na nusu. Sasa mlaze mezani, kwa upasuaji wa kujifungua, mama mwenye makovu mawili, kibofu kimegandana na mfuko wa uzazi. Daktari bado anaachanisha makovu, mama anaanza kukunja vidole vya miguu. Kinachofuata mnakijua: ketamini ya haraka haraka, tumbo liko wazi. Mama wa njia panda ya Mkiwa, mkoani Singida, anaweza kukimbizwa Singida mjini, au Itigi kwenye hospitali ya Mtakatifu Gaspar, lakini kabla ya kisu. Kisu kikishapita, rufaa hakuna.

Watetezi husema inafaa upasuaji mfupi. Upi? Wa msamba, miguu juu? Huo ndio mkao wa wagonjwa 4 aliowaripoti Schneider 1993, waliochomwa mara moja tu na kubaki na maumivu ya matako na mapaja. Kabla yake, 1991, Rigler na wenzake walikuwa wameripoti 4 walioharibika mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo, 3 kati yao kwa lidokaini hiyohiyo iliyopitishwa kwenye mrija. Lawama ikabebeshwa mrija. Mapitio ya Cochrane ya 2009 yakakuta hatari ya maumivu ya matako na mapaja kwa lidokaini ni takriban mara 7 ya dawa nyingine. Kweli, huisha ndani ya siku chache, na kwa wajawazito ni machache.

Na hilo “ichanganywe”, ambalo sichoki kulipigia kelele, limo kwenye mistari yote miwili. Bupivakaini iliyochanganywa kiwandani ipo; mtu wa usingizi aliye peke yake usiku wa manane asitwishwe ufamasia.



August Bier, aliyeanzisha ganzi ya mgongoni Kiel, 1898, alikuwa na kokaini tu. Alipochomwa yeye, bomba halikushika sindano, maji ya mgongo yakamwagika, kichwa kikamuuma. Mwaka uliofuata akayachapisha yote. Kamati ya orodha ya 2021 ilikuwa na ripoti za miongo, na mstari ukabaki palepale.

Halmashauri ziagize bupivakaini nzito. Mgonjwa wa upasuaji mfupi atachelewa kunyanyuka, atalalamikia njaa. Afadhali njaa kuliko mapaja.