Kimeng'enya Si cha Tumbo Tu: Juu ya Istilahi za Biolojia ya Awali

Istilahi "kimeng'enya" imekwisha kukubalika katika kamusi na vitabu vya Afrika Mashariki. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilithibitisha kwamba sayansi yaweza kusemwa kwa lugha yetu. Sisi wa Lualaba, ambako biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, tunalikiri deni hilo. Makala haya hayakusudii kubomoa kazi hiyo. Yanauliza tu kama majina hayo yanamfikisha mwanafunzi wa Manika kwenye jambo lenyewe.

Kitenzi "kumeng'enya" ni cha chakula na tumbo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefafanuliwa kwamba kimeng'enya ni kitu kinacholainisha chakula mwilini hatakuwa amekosea kwa mujibu wa neno, lakini atakuwa amekosea kwa mujibu wa biolojia. Vimeng'enya vingi havivunji chochote. Vipo vinavyounganisha, mathalani vile vinavyojenga uzi mpya wa DNA kabla seli haijagawanyika. Aidha, vingine hufanya kazi nje kabisa ya tumbo la mtu.

Tuchukue munkoyo, kinywaji kinachojulikana vema Katanga na Zambia. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe kiasi, kisha hutiwa mizizi iliyopondwa ya mimea ya porini ya jamii ya kunde, kama vile Eminia na Rhynchosia. Baada ya saa kadhaa uji mzito huwa mwepesi na mtamu, baadaye huchachuka. Mizizi ile ina amilasi, ambayo hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa sukari. Joto la uji unaochemka lingeharibu umbo la protini hiyo, na kazi yake ingekoma. Hapa pana somo zima la vimeng'enya, nalo limo chunguni.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sumu, na una pia kimeng'enya chake, linamarasi. Viwili hivi vimetengwa katika seli. Muhogo unaporowekwa na kulainika, hukutana. Sianidi hufunguliwa, ikatoka kwa maji na hewa. Mwenye kufupisha siku za kuroweka huiacha sumu ndani. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na ambao umefahamika Kwango tangu miaka ya 1930, unahusishwa na muhogo usioandaliwa vya kutosha pamoja na upungufu wa protini katika chakula. Fasili inayoishia tumboni haiwezi kueleza jambo hili.

Je, tuliache neno? Sioni sababu. Payen na Persoz, mwaka 1833, walitumia jina la Kiyunani lenye maana ya kutenganisha. Kühne, katika miaka ya 1870, alichagua jina lenye maana ya "ndani ya chachu", ili kutofautisha dutu yenyewe na chembe hai za chachu. Majina yote mawili ni finyu kama letu. Zaidi ya hayo, tukikopa, wa Nairobi atasema "enzaimu" na wa Kolwezi "anzimi". Ilhali "kimeng'enya" ni mali ya wote. Kosa, basi, limo katika fasili: neno linaweza kubaki, fasili ipanuliwe.

Neno "wanga" lina kasoro nzito zaidi. Vitabu hulitumia kwa dutu ya mahindi na muhogo, na papo hapo kwa kundi zima la kabohaidreti. Tukisema amilasi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari nayo imo katika kundi la wanga, tumesema wanga hugeuka wanga. Selulosi nayo itaitwaje? Imejengwa kwa glukosi kama wanga, lakini kwa kiungo tofauti, hata amilasi haiwezi kuikata. Vivyo hivyo, kuyaorodhesha mafuta pamoja na protini na asidi nukleiki bila maelezo humfanya mwanafunzi adhani kwamba nayo ni mnyororo wa vipande vinavyorudiwa, sivyo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kimeng'enya kifasiliwe kuwa dutu ya kiumbe hai, aghalabu protini, inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kuisha. Neno "aghalabu" ni la lazima: Altman na Cech walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA nayo huifanya kazi hiyo. Pili, "wanga" ubaki kwa dutu yake, na kundi liitwe kabohaidreti. Tatu, kila fasili ifuatwe na mfano wa tumboni na mwingine wa nje ya tumbo.

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa muundo wake tu. Hupimwa kwa kile anachoweza kukieleza aliyejifunza kwayo, na huko kwetu kipimo cha kwanza ni muhogo uliomo majini.