Sarufi Inayotambua Uhai

Kifaru amekwama matopeni. Kifaru kimekwama matopeni. Sentensi ya kwanza inamleta mnyama mwenye pembe. Ya pili inaleta gari la vita. Jina halikubadilika hata herufi moja; kazi yote imefanywa na kiambishi cha kitenzi. Vivyo hivyo, ndege ametua mtini lakini ndege imetua Zanzibar. Kiboko ameingia mtoni lakini kiboko kimetundikwa ukutani.

Huu ni ufundi wa hali ya juu. Kwa kawaida upatanisho hufuata umbo la jina: kiti kimevunjika, visu vimepotea. Kwa mpango huo, kiongozi, kinyozi na kipofu wangekwenda na KI-VI. Hawaendi. Kiongozi amefika, vinyozi wamefungua, vipofu wamesikilizwa. Awe mtu au mnyama, Kiswahili humpeleka A-WA, hata jina lake likiwa limevaa vazi la ngeli nyingine. Kizulu, lugha ya ukoo huohuo wa Kibantu, hakifanyi hivyo: isangoma, yaani mganga, hupatana na kitenzi kwa si-, sawa na isitsha, yaani chombo.

Uhai huu una mipaka yake. Mbuyu hukua, huzaa na huzeeka, ila tunasema umeanguka, si ameanguka. Samaki naye, hata akiwa sahanini, bado ni samaki huyu, ameungwa kwa nazi.

Ufundi wenyewe unaonekana zaidi katika viungo vidogo. Tunasema: rafiki yangu mwema amefika. "Yangu" imekwenda I-ZI, "mwema" na "amefika" zimebaki A-WA, na sikio halioni kasoro. Lakini ni mbuzi wangu, si mbuzi yangu. Tena msemaji akitaka kudunisha au kukuza, huuweka kando upatanisho wa uhai kwa makusudi: kijitu kile kimekuja, jitu lile limekuja. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili huyafanya haya kabla hajaanza shule.

Basi tukisikia "ng'ombe hii imekufa", tusahihishe kwa upole: ng'ombe huyu amekufa. Nanyi walimu, kabla ya jedwali la ngeli, anzeni na swali hili: je, ni mtu au mnyama? Mwanafunzi akilishika hilo, majina mengi atayapatanisha bila kukariri.