Protini Safi, Protini Hai: Mwongozo wa Kukagua Kichupa

Mjini Ruiru, penye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, kila anayeshughulika na kahawa anajua kwamba daraja la AA ni ukubwa wa punje tu. Ubora hujulikana kikombeni. Kanuni hiyohiyo inafaa maabara zilizopo kati ya Ruiru na Thika, kama zile za Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, ambako mtafiti huhitaji protini ya binadamu iliyozalishwa na seli za kiumbe kingine zilizopandikiziwa jeni yake. Kichupa kikiandikwa "usafi asilimia 95", hapo ukaguzi ndio kwanza unaanza.

Uliza kwanza protini ilizalishwa na seli gani. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51 na haina sukari iliyoshikamana nayo, kwa hiyo bakteria wa E. koli waliiweza tangu mwaka 1978. Eritropoietini, homoni ya figo inayochochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, ni habari nyingine. Mnyororo wake wa asidi amino 165 una uzito wa kilodaltoni 18 hivi, lakini sukari huufikisha 30 na zaidi. E. koli hawaziweki sukari hizo. Seli za mamalia, kama za hamsta, huziweka. Isiyo na sukari inaweza kuchochea seli kwenye sahani, ila ndani ya mnyama huondolewa upesi mno. Chagua kulingana na jaribio lako.

Kisha tazama picha ya jeli, inayotenganisha protini kulingana na uzito. Protini ndogo ya E. koli, kama interleukini-2, inatakiwa kuonyesha mstari mmoja mwembamba karibu na kilodaltoni 15. Eritropoietini ya seli za hamsta huonyesha mstari mpana wenye kingo za ukungu. Mgeni wa kazi huuona kuwa uchafu. Mzoefu huufurahia, kwa kuwa upana huo ni sukari zinazotofautiana kutoka molekuli moja hadi nyingine. Ukiona mstari mwembamba kwenye 18, na cheti cha muuzaji kinasema seli za hamsta, dai maelezo. Uliza pia kama albumini imeongezwa ili kuihifadhi protini: hiyo hutokea karibu na 66, na inaweza kuvuruga vipimo vyako.

Jambo la tatu halionekani kwenye jeli hata kidogo. Endotoksini, mabaki ya ukuta wa E. koli, huziamsha seli za kinga kwa kiasi kidogo sana. Kwa kazi ya kinga, tafuta kiwango kilicho chini kabisa ya uniti 1 kwa mikrogramu. Halafu pima mwenyewe: chemsha sehemu ya sampuli. Protini nyingi huharibika kwa kuchemshwa, endotoksini hustahimili. Seli zikiendelea kuitikia sampuli iliyochemshwa, shuku endotoksini kabla ya kuisifu protini.

Cha nne ndicho kikombe chenyewe: kazi. Seli za TF-1, kwa mfano, huongezeka zikipewa eritropoietini. Muuzaji mzuri huonyesha mchoro wa dozi na mwitikio, uliopimwa kwa toleo lilelile la kichupa ulichonunua. Namba ya "kawaida" iliyopatikana kwa toleo jingine haitoshi.

Kichupa kikifika, usishtuke kukiona kama kitupu. Mikrogramu 10 za unga hazionekani kwa urahisi. Kizungushe kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua, uyeyushe unga kwa kimiminika kilichotajwa kwenye cheti, ukigawe katika mafungu ya matumizi ya mara moja uyagandishe, na fungu likishayeyuka usiligandishe tena. Stima ikipotea usiku, friza haikuachii ujumbe, basi weka ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, na mafungu hayo yapimwe upya kabla ya kutumika.

Fedha zikiwa chache, afadhali ununue mikrogramu chache zenye ushahidi wa kazi kuliko nyingi zenye ushahidi wa usafi pekee. Chora mchoro wako wa dozi kwa kila toleo jipya, na uandike namba ya toleo kwenye tasnifu. Mtafiti mwingine wa Thika atakayerudia jaribio lako atajua alichonacho mkononi, na matokeo yenu yataweza kulinganishwa kwa haki.