Takwimu za Maji: Tunahesabu Mabomba au Watu?

Mwaka 1971 TANU iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na makazi yake. Lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo: kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400.

Kipimo hatukipingi, tunapinga matumizi yake. Kwa miaka mingi vituo vilivyojengwa vilizidishwa kwa 250, ikapatikana asilimia ya "wanaopata maji". Pampu iliyokufa iliendelea kunywesha watu 250 ndani ya taarifa. Vituo vya vijijini vilipokaguliwa nchi nzima kuanzia 2010, zaidi ya thuluthi moja vilikutwa havitoi maji.

Huo ni urasimu, nao una gharama. Kijiji kilichoandikwa kuwa kina maji hakipangiwi fedha. Akina mama wake huendelea kubeba ndoo kutoka mtoni. Vyoo navyo ni hivyo hivyo: shimo lililochimbwa kumridhisha mkaguzi si choo kinachotumika.

Basi kada anayepokea taarifa aulize: maji yanatoka leo? Ni salama? Na hesabu isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwani wachotaji ndio waujuao ukweli.