Florini Isiyongoja: Jinsi Kemia Ilivyofupisha Safari ya Dawa Nururishi

Jirani yetu mmoja wa Mfaranyaki, bibi mtu mzima aliyekwisha kutibiwa saratani ya titi, aliambiwa na daktari kwamba iko picha iitwayo PET, ambayo humwonyesha tabibu mahali maradhi yalipojificha mwilini hata kabla uvimbe haujashikika kwa mkono, walakini picha hiyo haipigwi hapa Songea, kwa kuwa dawa yake haistahimili safari ndefu. Jioni moja, akipepeta mchele barazani kwake, aliniuliza: "Mwanangu, chanjo za watoto si huletwa huku katika masanduku ya barafu? Basi hiyo dawa nayo kwa nini isipandishwe basi ikatufuata, badala ya sisi kuifuata?" Swali lile lilinikaa moyoni siku nyingi, maana jibu lake halimo katika barafu wala katika ubora wa barabara peke yake, bali limo katika kemia, na kemia hiyo ndiyo niliyokusudia kuichambua.

Dawa anayoisema Bibi, ambayo aghalabu ni sukari iliyotiwa atomu moja ya florini-18, ina nusu-uhai wa takriban dakika 110, maana yake ni kwamba kila dakika 110 zinapopita nusu ya atomu zake nururishi huwa zimekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Basi litokalo Dar es Salaam, likapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe hata likafika kwetu kwa muda wa saa 14 na dakika 40, litakuwa limepitisha nusu-uhai nane kamili, na katika sehemu 256 za nguvu iliyopakiwa itashuka stendi sehemu moja tu. Samaki wa Mbamba Bay akifukiwa katika barafu hufika soko la Songea angali mbichi, kwa sababu kuoza kwake ni kazi ya vijidudu, na vijidudu huogopa baridi. Ama kiini cha atomu hakisikii baridi wala joto, hakijui sanduku wala mfuniko, na saa yake haisimamishwi na mtu yeyote.

Sisi watu wa Ruvuma tukisikia neno mionzi, fikira hutukimbilia urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, nasi huingiwa na hofu. Yafaa basi tofauti ibainishwe. Nusu-uhai wa urani-238 ni takriban miaka bilioni nne na nusu, ilhali florini-18 siku moja tu ikipita haibaki hata sehemu moja katika elfu nane, na kinachobaki mahali pake ni oksijeni-18, atomu tulivu isiyotoa mionzi. Katika kufa kwake, kiini cha florini-18 hutoa positroni, nayo ni ndugu wa elektroni mwenye chaji chanya. Positroni hiyo, baada ya mwendo mfupi sana ndani ya nyama ya mwili, hukutana na elektroni, zikaangamizana, na mahali pao ikatoka miali miwili ya gama, kila mmoja wenye nguvu ya kiloelektronivolti 511, ikikimbia kuelekea pande mbili zinazopingana. Mtambo wenye umbo la pete humzunguka mgonjwa na kuinasa miali hiyo jozi kwa jozi, na kwa hesabu ya mamilioni ya jozi hizo picha hupatikana. Sukari imechaguliwa kwa kuwa seli nyingi za saratani huila kwa pupa. Lakini sukari hii, kwa kukosa kundi la oksijeni na hidrojeni katika kaboni yake ya pili, ambapo pamekaa florini, huingia ndani ya seli ikashindwa kumeng'enywa hata mwisho, ikanaswa humo kama samaki ndani ya dema.

Taabu yote ya kazi hii, basi, ni kuifunga florini na sukari kwa haraka, na florini si mtu wa kuamrishwa. Henri Moissan wa Ufaransa aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1886, baada ya wengine waliomtangulia kuumia na hata kufa katika jaribio hilo, kwa maana gesi yake hushambulia karibu kila kitu inachokigusa. Florini hiyo hiyo, ikishapata elektroni moja ya ziada na kuingia majini, hugeuka kuwa pole kupita kiasi: ndiyo floridi iliyomo katika visima vya Arusha na miteremko ya Meru, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, nayo hukumbatiwa na molekuli za maji kwa nguvu hata isiwe na hamu ya kuungana na kitu kingine. Mkemia, kwa hiyo, alikuwa na milango miwili tu: ama aishike florini ingali gesi kali, ama aichukue ikiwa floridi majini kisha atafute hila ya kuiamsha.

Mlango wa kwanza ndio uliofunguliwa mapema. Josef Pacák na wenzake wa Prague walikuwa wamekwisha kuitengeneza sukari hiyo kwa florini ya kawaida mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1976, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, Tatsuo Ido, akiwa pamoja na Alfred Wolf na Joanna Fowler, aliitengeneza kwa florini-18. Walipiga gesi ya neoni kwa deuteroni katika saikolotroni, mtambo ukimbizao chembe za atomu kwa kasi kubwa, wakachanganya humo florini kidogo ya kawaida ili ile nururishi ipate mwenza wa kutoka naye katika tangi, kisha wakaipitisha gesi hiyo juu ya glukali, sukari yenye kiungo maradufu kati ya kaboni ya kwanza na ya pili, ikakivunja kiungo hicho na kukaa mahali pake.

Ilikuwa kazi tukufu, na mwezi Agosti wa mwaka huo huo dawa hiyo ilipakiwa katika ndege kutoka Brookhaven hadi Philadelphia, ambako Abass Alavi aliwadunga watu wa kwanza. Lakini tukiichambua mbinu yenyewe tunaona hasara imepandiana juu ya hasara. Kila molekuli ya gesi ina atomu mbili za florini, na moja tu ndiyo ikaayo katika kaboni ya pili inayotakiwa, kwa hivyo hata lau kazi ingetimia bila dosari, nusu ya mali ingepotea; tena florini haikuingia kwa upande mmoja tu, bali sehemu yake iliangukia upande wa pili wa molekuli na kuzaa manosi badala ya glukosi, ikalazimu kuzitenga; na kazi yote ilichukua kama saa mbili, mavuno yakiwa takriban asilimia nane.

Mlango wa pili ulifunguliwa kikamilifu mwaka 1986 katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, na Kurt Hamacher, Heinz Coenen na Gerhard Stöcklin, na mbinu yao ndiyo mzazi wa karibu kila chupa ya sukari nururishi itengenezwayo leo. Chanzo chake ni maji, ila si maji ya kisimani, ambayo katika kila atomu 1,000 za oksijeni yana mbili tu za oksijeni-18, bali mililita mbili tatu za maji yaliyorutubishwa hata karibu oksijeni yote iwe ya aina hiyo. Saikolotroni huyapiga maji hayo kwa protoni. Protoni huingia katika kiini cha oksijeni-18, nyutroni hutoka, na kilichokuwa oksijeni kikawa florini.

Hapa ndipo penye ustadi unaostahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya kabati lenye kuta nene za risasi, ambamo mkono wa mtu hauingii na mashine ndiyo ifunguayo na kufunga vali, maji yale hupitishwa katika kichujio kidogo, kisichozidi kidole gumba, chenye utomvu unaoshika chaji hasi: floridi hunaswa, na maji ya thamani huendelea mbele kukusanywa. Floridi huoshwa itoke kichujioni kwa kabonati ya potasiamu iliyoyeyushwa pamoja na Kryptofix, molekuli yenye umbo la kitundu, kizazi cha uvumbuzi ambao Jean-Marie Lehn alishirikishwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1987. Potasiamu huingia katika kitundu hicho ikafungiwa humo, na floridi, iliyokuwa imefungwa na mvuto wa potasiamu, hubaki peke yake. Bado yako maji yanayoikumbatia. Hayo hufukuzwa kwa kutia asetonitrili na kuchemsha, mara mbili hata tatu, kwani kiyeyushi hicho kikigeuka mvuke huondoka pamoja na maji. Mtu aliyepata kukausha mpunga kabla ya kuukoboa anajua kwamba kukausha nusunusu ni kuharibu kazi nzima. Hapa nako, unyevu ukizidi, floridi hurudi katika usingizi wake.

Ikishakauka, floridi huwa uchi na yenye njaa, na wakati huo huo huletewa chakula chake: sukari ya manosi iliyofunikwa vifuniko vinne vya asetili, na katika kaboni ya pili imewekwa triflati, kundi lililo tayari kuondoka likisukumwa kidogo tu. Floridi huingia kwa upande wa nyuma wa kaboni hiyo, triflati hutoka kwa upande wa mbele, na katika kuingia na kutoka huko umbo la mahali hapo hupinduka. Naam, hii ndiyo hekima ya Jülich: walijua kwamba mpinduko hauepukiki, kwa hiyo hawakuanza na glukosi, ambayo ingepinduka ikawa manosi, bali walianza na manosi kwa makusudi, ili kupinduka kwenyewe kuzae glukosi. Baada ya hapo vifuniko huondolewa kwa tindikali, au kwa alkali kama ilivyozoewa baadaye, na mchanganyiko husafishwa kwa kupitishwa katika vichujio. Mavuno yalipita asilimia 50, na kazi ikamalizika chini ya saa moja.

Sasa na tulipime jambo hili kwa mizani ya Songea. Mavuno yakiongezeka mara mbili, dawa imepata nusu-uhai mmoja wa kusafiri; yakiongezeka mara nne, imepata miwili. Kutoka asilimia nane hadi kupita 50 ni zaidi ya mara sita, yaani nusu-uhai miwili na zaidi ya nusu, nao ni muda unaokaribia saa tano, na hapo bado hatujahesabu saa nzima iliyookolewa katika kupika. Lami haikuongezwa hata hatua moja, ndege haikuongezewa kasi, ila wakemia watatu walichagua sukari iliyo sahihi ya kuanzia, na kwa uchaguzi huo miji iliyokuwa mbali na saikolotroni ikasogea karibu. Hili ndilo neno ninalotaka lishikwe: katika elimu hii mavuno na umbali ni kitu kimoja, na kemia iliyo bora ni sehemu ya barabara.

Haraka hiyo, hata hivyo, haimpi mtu ruhusa ya kulegeza uangalifu. Kabla chupa haijatoka, tone lake hupimwa uchachu. Hutazamwa kama Kryptofix, ambayo ni sumu, imebaki kupita kiasi. Hupimwa kwa kromatografia kama angalau asilimia 95 ya mnururisho umo katika sukari yenyewe. Na nusu-uhai wake huhesabiwa ili kuthibitisha kwamba ni florini-18 wala si kitu kingine. Kipimo cha vijidudu huchukua siku kadhaa, na mgonjwa hawezi kukingoja, kwa hiyo ulinzi wake wa kweli ni usafi wa chumba, uzima wa kichujio cha mwisho, na uaminifu wa mtu aandikaye daftari.

Iko na njia ya tatu, changa zaidi. Mwaka 2009 William McBride na wenzake walionyesha kwamba floridi hushikana na alumini kwa nguvu sana, na kwamba jozi hiyo yaweza kutiwa katika kishikio cha kikemia kilichounganishwa na peptidi, humo humo majini, pasipo taabu ya kukausha. Sharti lake ni kwamba aghalabu mchanganyiko hupashwa hadi kukaribia nyuzi 100, na si kila molekuli ya uhai inayovumilia joto hilo. Lakini kwa mahali penye mafundi wachache na vifaa vichache, kupunguziwa hatua moja ngumu si jambo dogo.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilianzisha saikolotroni na PET mwaka 2018, na kwetu Tanzania Serikali ilielekeza ujenzi wa namna hiyo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, chini ya jicho la Tume ya Nguvu za Atomiki. Tufanye hesabu moja ya mwisho. Mgonjwa mtu mzima hudungwa takriban megabekereli 370 za mnururisho. Chupa ikikaa njiani dakika 220 tangu ipimwe hadi ifike mkononi mwa muuguzi, sharti itoke na mara nne ya kiasi hicho, yaani 1,480, kwa kila mgonjwa. Mpiko mmoja wa siku hizi hutoa makumi ya maelfu ya megabekereli. Basi kwa upande wa kemia mlango umekwisha kufunguka. Kilichosalia ni mtambo wa picha katika hospitali yetu ya mkoa, mafundi wa kuuendesha, na chombo cha angani kisichochelewa.

Nilirudi kwa Bibi nikamweleza hivyo: kwamba basi halitaiwahi dawa ile, ila ndege yaweza, siku mtambo utakapokuwapo. Alitia mchele chunguni, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na hiyo ndege huondoka Dar saa ngapi?" Hakujua kwamba ameuliza swali ambalo mkemia wa florini huanza nalo kila alfajiri, kabla hajawasha saikolotroni: huishika kwanza saa ambayo sindano itamgusa mgonjwa, kisha huhesabu kurudi nyuma, dakika kwa dakika, hadi ajue ni saa ngapi yeye mwenyewe anapaswa kuamka.