Chemko Nalo ni Utungo

Sisi wapenzi wa fasihi tuna tabia moja tukiugusa muziki wa dansi: tunasoma maneno, tunauacha wimbo. Tutachambua mafumbo ya Sikinde, tutabishana mtunzi kamsema nani, lakini magitaa yakichanganya tu, tunafunga daftari. Yaani tunatoka ukumbini wakati wenzetu ndio kwanza wanainuka kucheza.

Kwa asiyejua, wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni kisa: kinaimbwa taratibu, sauti zinapokezana, saksafoni na tarumbeta zinajaza mapengo. Ya pili ndiyo chemko. Hapo kisa kimekwisha, mwendo unapanda, gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, gitaa jingine linapita katikati yake, na vyombo vya kupuliza vinaitikia. Mwimbaji aliyekuwa akilalamika sasa anaita majina ya wenzake. Kwenye mkanda wa redio chemko lina kikomo. Ukumbini kikomo chake kilikuwa miguu ya watu.

Chukua "Neema" ya Mlimani Park, utungo wa Cosmas Chidumule. Wengi wanaukumbuka kwa maneno. Mimi nasema usikilize na yanayofuata maneno. Masikitiko ya mwanzo hayajibiwi kwa sentensi nyingine. Yanajibiwa kwa mwendo. Huzuni ya mtu mmoja inachukuliwa na bendi nzima, inageuzwa kitu cha kuchezwa na watu wasiofahamiana. Kama hiyo si hatua ya kifasihi, basi sijui tunaita nini hatua.

Wapo wanaosema chemko ni kupiga ovyo mpaka saa zipite. Hapana. Huku Ghuba ya Chole, nahodha wa mashua akitoka Utende kuelekea Chole anajua vizuri anakokwenda. Asichokijua ni upepo atakaoukuta katikati. Upepo hautungi yeye; anaujibu, kwa tanga na kwa usukani. Mpiga solo naye ni hivyo hivyo. Kipande anacho kichwani, njia ya kurudi anaijua, ila urefu wa safari anaupima kwa watu walio mbele yake. Akiwaona wamepoa, anabadilisha. Mtu akipanda kumtunza, anaongeza. Mcheza dansi naye ni mtunzi, hata kama jina lake haliandikwi popote.

Ndiyo maana ushabiki wa Sikinde na Msondo haukuwa mchezo. Misemo yenyewe ilitoka kwenye ngoma: Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ndefu inayojulikana mwambao huu wetu. Muhiddin Maalim Gurumo alizipitia kambi zote mbili. Alitoka Juwata, bendi iliyozaliwa kwa jina la NUTA mwaka 1964, akaingia Mlimani Park iliyoanzishwa 1978, na baadaye akarejea Msondo. Watu hawakugombania mashairi tu. Waligombania nani anajua kuchemsha.

Sifa zote hizi hazinizuii kulalamika. Kadiri miaka ilivyokwenda, machemko mengi yamejaa majina ya wafadhili na mashabiki wenye uwezo, mpaka gitaa linabaki kama msindikizaji. Kuita jina ni sehemu ya mchezo, sawa, lakini jina linapaswa kulipandisha gitaa, lisilifunike. Tena siku hizi kuna nyimbo zinazoanza kuchemka kabla kisa hakijasimama. Maji hayachemki bila kuwekwa motoni kwanza.

Tatizo kubwa zaidi liko kwetu wasikilizaji. Wengi tulio visiwani tumeupata muziki huu kwa redio, halafu kwa kadi ya simu, na spika ya simu inameza besi, chombo kile kile ambacho miguu inakifuata. Tunazishukuru kanda za Redio Tanzania. Bila hizo tusingekuwa na kitu. Ila wazee waliofanya kazi Dar enzi hizo wakisikia tunazisifu hucheka. Kwao kanda ni kama picha ya pasipoti: sura ndiyo yenyewe, lakini mtu hajacheka, hajatembea.

Gurumo ametutoka mwaka 2014. Michael Enoch alitangulia. Maneno yao tunayo, yatafundishwa. Ule usiku ambao solo lilikataa kurudi kwa sababu ukumbi ulikataa kukaa, huo umo vichwani mwa watu wachache, na wanapungua. Basi mhakiki mwenzangu, kabla hujaandika tena kuhusu mafumbo, mtafute mmoja wao aliyekuwa DDC Kariakoo. Usimuulize wimbo ulisema nini. Muulize ulichukua muda gani, na nani alikuwa wa mwisho kukaa.