Pongezi kwa Fundi wa Riverside

Bob Loveless, baharia wa Kimarekani, alipoambiwa katika duka moja la New York mwaka 1954 kwamba kisu cha fundi Randall alichokitamani hakipatikani ila kwa kungoja miezi kadhaa, hakuwa na subira hiyo. Alitwaa springi ya gari kuukuu akajitengenezea chake, na sanaa hiyo ndiyo iliyompa jina baadaye huko Riverside, California.

Msuka wa visu vyake, ukaao baina ya vibao viwili vya mpini, aliupunguza unene taratibu hadi mwisho, kisu kikawa chepesi mkononi. Na ncha akaiteremsha kidogo chini ya mgongo, ili mchunaji asije akatoboa matumbo ya mnyama. Thamani ya visu hivyo leo humtia mnunuzi kizunguzungu, na wengi wavimilikio hawathubutu kuvitia damu, jambo ambalo mimi, wallahi, naliona ni kukidhulumu chuma.